Hadithi Inapokolea: Miaka Minne ya Thor Mikononi mwa Walter Simonson

Katika hadithi za Thor zilizotungwa na Walter Simonson niliingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Dar es Salaam, na kwa mmoja wa wauza vitabu vya mitumba waliokuwa wakipanga bidhaa zao chini, kando ya barabara za Posta, nilikuta jarida la katuni ambalo halikuwa na jalada wala kurasa mbili za mwanzo. Ndani yake chura mmoja aliwaongoza vyura wenzake wa bustani ya Central Park, New York, katika vita dhidi ya jeshi la panya, na chura huyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Thor, mungu wa radi. "Chukua tu, mdogo wangu," muuzaji aliniambia, "jalada halina, lakini hadithi imo." Nilicheka njia nzima ndani ya daladala. Nilidhani ni kichekesho cha watoto, cha kusomwa mara moja na kisha kufungiwa maandazi. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshika kipande cha katikati cha hadithi ndefu, wala kwamba uchawi uliomgeuza Thor kuwa chura ulichota nguvu zake kutoka kwa upanga ambao wasomaji wa mwanzo walianza kusikia ukifuliwa zaidi ya miaka miwili kabla.

Hadithi hiyo ilianza katika toleo la 337 la jarida la Thor, lenye tarehe ya Novemba 1983, ikamalizika katika toleo la 382, Agosti 1987. Katikati hapo kuna toleo moja tu, la 356, ambalo Simonson hakuliandika. Siku hizi matoleo hayo yamekusanywa katika vitabu vinene, nami nimeyasoma yote kwa mpangilio mara tatu, na kila mara swali linanirudia: ilikuwaje jarida lililokuwa limeishi miaka 21, lenye wahusika waliochoka na wasomaji waliochoka zaidi yao, likakolea ghafla namna ile? Wengi hujibu kwa kuutaja ufundi wa michoro, na ufundi upo. Mimi ninaamini siri yake ilikuwa kwenye madeni. Mfululizo unaoandikwa kwa miaka mingi, tena na watu tofauti, huacha nyuma yake ahadi zilizosahauliwa, wahusika walioachwa njiani na mambo yaliyotokea bila kumgusa mtu yeyote. Waandishi wengi huurithi mrundikano huo kama mzigo wa kukwepwa. Simonson aliufungua kama daftari la mwenye duka, akaanza kulipa mstari mmoja baada ya mwingine.

Daftari lenyewe lilifunguliwa Agosti 1962, katika toleo la 83 la jarida la Journey into Mystery, ambalo hadi wakati huo lilikuwa la visa vya kutisha na vya ajabu. Stan Lee, ndugu yake Larry Lieber na mchoraji Jack Kirby walimleta Donald Blake, daktari wa Kimarekani anayechechemea, ambaye akiwa likizoni Norway anajificha pangoni, anaokota fimbo ya mti, anaigonga kwenye mwamba na kugeuka kuwa Thor, nayo fimbo ikawa nyundo yake. Adui wake wa kwanza walikuwa watu wa mawe kutoka sayari ya Zohali, jambo linaloonyesha jinsi watunzi wenyewe walivyokuwa bado hawajaamua wameanzisha kitu gani. Kilichoipa hadithi uzito ni visa vifupi vya kurasa tano vilivyoanza kuchapishwa nyuma ya jarida mwaka 1963, vikieleza habari za Asgard, makao ya miungu, kabla ya wanadamu, vikichota moja kwa moja kutoka katika masimulizi ya kale ya Iceland. Kirby alipopata nafasi ya kuchora majitu ya barafu na ya moto, miji ya dhahabu na madaraja ya upinde wa mvua, ndipo jarida lilipopata roho, na Machi 1966, kuanzia toleo la 126, likaitwa Thor moja kwa moja. Kwa hiyo mfululizo huu ulikolea mara mbili, na ya kwanza ni ya Kirby. Sitaki mtu adhani ninamdhulumu marehemu.

Kirby aliondoka mwaka 1970. Miaka iliyofuata haikuwa mibaya, maana John Buscema alichora kwa mkono imara, na waandishi walikuwa watu wanaoijua kazi yao. Tatizo lilikuwa mzunguko. Odin, mfalme wa Asgard na baba yake Thor, anakasirika na kumfukuza mwanawe, kisha Loki, ndugu mwovu wa Thor, anakikalia kiti cha enzi, Odin analala usingizi wake mrefu wakati mbaya kuliko wote, Sif, mpenzi wa Thor, analalamika kwamba Thor anaipenda dunia kuliko yeye, kisha mambo yote yanarudi yalipokuwa ili mwezi ujao yaanze tena. Msomaji aliyenunua toleo moja kila mwaka asingepitwa na kitu. Hata jina la Daktari Blake lilibaki limening'inia bila kazi, kwa sababu tangu 1968 ilikwisha kuelezwa kwamba hakuwahi kuwepo. Odin alimbuni tu ili kumfundisha mwanawe unyenyekevu. Somo lilikwisha, mwanafunzi akafaulu, lakini darasa halikufungwa kwa miaka mingine 15.

Simonson hakuwa mgeni. Alikuwa amesomea jiolojia kabla ya kwenda chuo cha sanaa cha Rhode Island, na mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwahi kuchora matoleo kadhaa ya Thor kwa maandishi ya mtu mwingine. Mara hii mhariri Mark Gruenwald alimpa kila kitu, kuandika na kuchora. Jarida lilikuwa halifanyi vizuri sokoni, na mahali ambapo hakuna cha kupoteza ndipo mtu huachiwa uhuru.

Jalada la toleo la 337 liliuzwa kwa senti 60 za Marekani, na bado ni moja ya majalada yenye ujeuri niliyowahi kuona. Kiumbe mwenye uso mrefu kama fuvu la farasi, aliyevaa mavazi ya Thor na kushika nyundo ya Thor, anaipiga nembo ya jarida lenyewe, zile herufi kubwa zilizokaa juu ya jalada kwa miaka, nazo zinapasuka vipande vipande. Baadaye jarida lilipata nembo mpya kabisa. Ukiwa muuza magazeti na ukaliona jalada hilo limening'inia kwa kibanio, huhitaji kuambiwa kwamba mwenye nyumba amebadilika.

Kiumbe huyo ni Beta Ray Bill, mlinzi wa watu ambao kundi lao la nyota limelipuka na ambao sasa wamelala usingizi mzito ndani ya merikebu za angani wakitafuta makao. Ili kuwalinda amekubali kukatwakatwa na kuundwa upya, nusu mwili nusu mashine, mpaka sura yake inawatisha hata wale anaowaokoa. Thor anatumwa kuichunguza merikebu yake, wanapigana, nyundo inamtoka Thor mkononi zaidi ya sekunde 60, na kwa sharti la zamani anarudi kuwa Daktari Blake mwenye fimbo. Bill anaiokota fimbo, anaigonga ukutani kwa hasira, na radi inashuka. Sharti lililochongwa kwenye nyundo linasema kwamba atakayeishika, akiwa anastahili, atapata nguvu za Thor. Kwa miaka 21 wasomaji walikuwa wameyasoma maneno hayo kama pambo tu, kama maandishi ya kwenye kanga ambayo mvaaji hayatilii maanani. Simonson aliyasoma kama mkataba. Ikiwa sharti ni kustahili, basi lazima awepo mahali fulani mtu mwingine anayestahili, na si lazima awe mzuri wa sura wala mtu wa Asgard.

Kisha kinatokea kitu kinachoumiza zaidi. Odin, akimhitaji mwanawe, anamwita nyumbani aliyeshika nyundo bila kumtazama vizuri, na Bill anapaa kwenda Asgard huku Thor halisi akibaki duniani katika mwili wa daktari anayechechemea, akimwita baba yake na asisikike. Hapo ndipo toleo linapoisha. Matoleo matatu yaliyofuata yanayamaliza mambo kwa haki isiyotarajiwa: wawili hao wanapambana, Bill anashinda lakini anakataa kumuua mwenzake, na Odin anawaagiza mbilikimo wahunzi wa Nidavellir kumfulia nyundo yake mwenyewe, Stormbreaker. Ule uchawi wa kubadilika kuwa mtu wa kawaida unahamishiwa kwenye nyundo mpya, na Daktari Blake anafutika. Hilo ni deni la kwanza lililolipwa, ndani ya miezi minne tu.

Lakini nimeruka ukurasa wa kwanza, nao ndio unaoshikilia yote. Kabla ya Bill, kabla ya Thor mwenyewe kuonekana, tunaona mahali palipo mbali kuliko mbali, kiini cha kundi la nyota kikilipuka, na mkono wa kivuli ukichukua chuma kilichoiva na kukiweka juu ya fuawe. Nyundo inashuka. Mlio wake umeandikwa kwa herufi zinazojaza ukurasa: DOOM. Kwa msomaji wa Kiingereza neno hilo ni mlio na wakati huohuo ni maana, kwa kuwa ndilo neno la maangamizi. Herufi hizo ni kazi ya John Workman, ambaye katika matoleo haya aliandika milio kama sehemu ya mchoro, si kama karatasi iliyobandikwa juu yake. Ukiufunika mlio kwa kidole, picha inapungukiwa.

Kisha Simonson anamwacha mhunzi na kuendelea na habari nyingine. Mwezi unaofuata, katikati ya jambo lisilohusiana kabisa, kunakuwa na ukurasa mmoja: mkono, chuma, DOOM. Mwezi mwingine tena. Kwa takriban mwaka mzima msomaji anamsikia mhunzi asiyetajwa jina akifua upanga usiojulikana ni wa nini, huku Thor akipigana na joka Fafnir katika mitaa ya New York, au akimsaidia mzee Eilif, Mviking wa mwisho wa kijiji kilichofichika Antaktika, kupata kifo cha vitani anachokitamani. Kurasa zile ni chache sana ukizihesabu. Hata hivyo zinabadilisha ladha ya kila kinachozizunguka, kwa sababu unajua kuna kitu kinaiva mahali fulani na hakuna hata mmoja kati ya wahusika anayejua. Mtu aliyekulia karibu na jiko la mkaa anaijua hali ya kukaa sebuleni akiongea mambo mengine huku harufu ya kitu jikoni ikimwambia muda unakwenda.

Mhunzi ni Surtur, jitu la moto la Muspelheim, ambaye katika masimulizi ya kale ndiye atakayeiteketeza dunia siku ya mwisho. Naye pia ni deni. Alionekana katika kile kisa cha kwanza cha kurasa tano cha 1963, akatajwa kuwa adui wa siku ya mwisho, kisha katika miaka iliyofuata akatumiwa mara kadhaa kama jitu jingine lolote la kupigwa na kurudishwa shimoni. Simonson aliirudisha siku ya mwisho mahali pake. Matoleo ya 349 hadi 353, yaliyotoka kati ya Novemba 1984 na Machi 1985, ndiyo vita vyenyewe: mapepo yanamiminika duniani, daraja la upinde wa mvua linavunjwa, na Surtur anaufikia mwali wa milele anaouhitaji kuuwasha upanga wake. Kinachonivutia ni jinsi vita hivyo vinavyofikia kilele chake kwa watu watatu tu waliosimama bega kwa bega, Odin, Thor na Loki. Odin anapaza sauti kwa ajili ya Asgard. Thor anapaza sauti kwa ajili ya Midgard, yaani dunia yetu. Loki, akiwa ameinua mikono kwa shauku ileile, anapaza sauti kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Nimeona waandishi wakitumia kurasa 10 kueleza kwa nini mtu mbaya amejiunga na wema kwa siku moja. Hapa yametosha maneno mawili, nayo hayamtakasi Loki hata kidogo. Odin anaanguka pamoja na Surtur katika shimo la moto, na tofauti na miaka yote iliyotangulia, harudi mwezi unaofuata. Kiti cha enzi kinabaki kitupu muda mrefu kiasi cha watu kuanza kuulizana nani atawale.

Jambo jingine ambalo Simonson aliliacha lidumu ni huzuni ya Balder, mungu mwenzake Thor. Mwaka 1978 Balder alipigwa mshale wa mmea ule mmoja ambao haukuapishwa kutomdhuru, kama masimulizi ya Edda, vile vitabu vya kale vya Iceland, yanavyosema, na baada ya purukushani za kutosha akarudishiwa uhai. Waandishi waliofuata walimrudisha vitani kana kwamba alikuwa amelala mchana akaamka. Simonson aliuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kufiwa angeuliza: alipokuwa kuzimu aliona nini? Jibu ni kwamba aliwaona wote aliowaua. Tunapomkuta katika matoleo ya mwanzo ameacha upanga, amenenepa, anakunywa, na ananyamaza anapotukanwa. Kijana mmoja shupavu anamwita mwoga hadharani na kumtaka wapigane, na anayeingilia ni Volstagg, yule mnene mwenye majigambo ambaye kwa miaka 18 alikuwa kichekesho cha jarida. Volstagg anamkalia kijana. Anamkalia kweli, kwa uzito wake wote, na akiwa amekaa juu yake anamsimulia taratibu, kama babu barazani, Balder alipitia nini. Kichekesho hakijaondolewa kwa Volstagg, kimepewa kazi. Kijana anasikiliza kwa sababu hana namna, na msomaji anagundua kwamba yule mnene alikuwa anaona mambo muda wote.

Kuhusu lugha niseme kidogo. Stan Lee aliwapa miungu Kiingereza cha kuigiza, cha Biblia za zamani na tamthilia za Shakespeare, chenye viwakilishi vya kale vilivyotumbukizwa mara nyingine bila kufuata sarufi. Simonson aliwapunguzia. Watu wake wa Asgard wanazungumza kwa heshima na kwa sentensi zilizonyooka, na uzito unatoka kwenye mpangilio wa maneno zaidi kuliko kwenye ukale wake. Anayesoma tenzi zetu anaijua tofauti kati ya mtunzi anayetumia Kiamu kwa sababu ndicho kinachobeba vina vyake na yule anayedondoa maneno mawili ya Kiamu ili aonekane mtunzi.

Sasa nifike darajani. Skurge, mkata vichwa mwenye shoka, aliingia katika hadithi hizi Aprili 1964, katika toleo la 103, akiwa mtumishi wa Amora mlozi. Kazi yake ilikuwa kumpenda Amora, kutumwa naye, kupigwa na Thor na kurudi akachekwe. Miaka 21 ya kazi hiyo. Simonson hakumpa nguvu mpya wala siri ya kuzaliwa. Alichofanya ni kumwonyesha Amora akimwacha kwa ajili ya mwanamume mwingine, na Skurge, asiye na pa kwenda, akaomba kufuatana na Thor na Balder kwenda kuzimu kwa Hela, malkia wa wafu, kuwarudisha wanadamu walioibwa roho zao. Walichukua na bunduki za M-16 kutoka duniani, jambo ambalo lingeweza kuharibu kila kitu, lakini halikuharibu.

Toleo ni la 362, Desemba 1985. Kikosi kinarudi kikikimbizwa na jeshi lote la wafu, na njia pekee ni daraja jembamba la Gjallerbru. Lazima mmoja abaki ili wengine wavuke. Thor anasema atabaki yeye, kama mashujaa wanavyosema. Skurge anampiga kwa nyuma na kumwangusha, kisha anamgeukia Balder na kumweleza, bila kupandisha sauti, kwamba kila mtu humcheka Skurge na kwamba safari hii atakayecheka mwisho ni yeye. Anaomba tu wamkumbuke kwa kikombe cha kinywaji watakapofika. Balder anaelewa, anambeba Thor na kuondoka bila kubishana. Skurge anakusanya bunduki zote, anasimama mwanzoni mwa daraja, na kurasa zinazofuata hazina maneno mengi. Zina mtu mmoja na umati usiokwisha. Msimulizi anamalizia kwa kutuambia kwamba kuzimu hawaimbi nyimbo wala kusherehekea mashujaa, lakini mgeni akiuliza ni nani yule ambaye hata Hela humwinamia kichwa, jibu huwa lilelile, kwamba alisimama peke yake Gjallerbru.

Mara ya kwanza nilipousoma ukurasa ule nilikuwa kwenye foleni ndefu ya ofisi fulani, na nililazimika kugeukia ukutani. Nilimkumbuka Fumo Liyongo. Mwanawe alipokwisha kumchoma sindano ya shaba kitovuni, Liyongo alichukua upinde wake akaenda mpaka kisimani, akapiga goti na kuutega mshale, akafa katika hali hiyohiyo, na watu wa mji wakakaa bila maji kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkaribia. Tofauti ni kwamba Liyongo alikuwa mkubwa tangu mwanzo na kifo kiliuthibitisha ukubwa wake, ilhali Skurge alikuwa si chochote, na ndiyo maana Simonson alihitaji ile miaka 21 ya kudharauliwa. Mwandishi angembuni mhusika mpya katika toleo la 360 na kumuua katika la 362 kwa ushujaa uleule, tusingeshtuka. Walioona filamu ya 2017 wataitambua ile picha ya mtu mwenye upara na bunduki mbili akiufyatulia umati wa wafu. Filamu ilichukua mkao, lakini mkao bila miaka ni bunduki tu.

Si kwamba kila kitu ni dhahabu. Kisa cha Lorelei, dada wa Amora, na kinywaji chake cha kumtia Thor wazimu wa mapenzi kinavutwa mno, na kila nilipokirudia nimejikuta nikifunua kurasa mbili mbili. Mwaka 1986 Thor anaingizwa katika tukio kubwa la majarida mengine ya Marvel, kampuni iliyochapisha Thor, la mauaji ya watu waliozaliwa na nguvu za ajabu walioishi kwenye mifereji ya chini ya New York, na ingawa matoleo hayo mawili yana picha zinazokaa kichwani, unahisi mgeni ameingia sebuleni na viatu. Sif anastahili zaidi ya alichopewa. Kuanzia toleo la 368 michoro ilipokelewa na Sal Buscema, ndugu yake John, na mwanzoni nilimlaumu kwa kutokuwa Simonson. Nimeacha kumlaumu. Mistari yake ni mikavu na ya moja kwa moja, na inafaa kwa Thor wa kipindi kile, ambaye Hela amemkwaruza uso mpaka akafuga ndevu kuficha makovu, kisha akamlaani asiweze kufa wala kupona. Mifupa yake inavunjika bila kuunga. Mungu wa radi anatembea ndani ya vazi la chuma kwa sababu bila hilo mwili hausimami. Nyundo ya msanii mwingine ingemtengeneza haraka. Simonson alimwacha avunjike kwa miezi.

Katika hali hiyo ndipo anapokutana na nyoka wa Midgard, katika toleo la 380 la Juni 1987. Kila ukurasa wa toleo hilo ni picha moja tu inayojaza karatasi, tangu mwanzo hadi mwisho. Simonson aliupanga mchoro na Buscema akaumalizia. Sababu iko wazi ukishalishika mkononi, kwa maana nyoka aliyeizunguka dunia nzima hawezi kuingia kwenye kisanduku. Edda inasema Thor atamuua nyoka huyo, atapiga hatua tisa, kisha ataanguka na kufa kwa sumu. Hapa laana ya Hela inamzuia kufa, kwa hiyo anapata kitu kibaya kuliko kifo: ushindi, pamoja na mwili uliopondeka kabisa lakini bado ukiwa na fahamu ndani yake. Utabiri wa kale umetimizwa na umekosewa kwa wakati mmoja, na hilo liliwezekana tu kwa sababu mwandishi alitega laana miezi mingi kabla.

Toleo la 382 lilikuwa la 300 tangu fimbo ile iokotwe pangoni, nalo lilikuwa la mwisho kwake. Thor amejitwalia tena mwili mzima kutoka kwa Hela, kwa njia ambayo sitaieleza kwa kuwa inafurahisha kuigundua, na kuna mtu mmoja aliyebaki daftarini. Loki aliingia Oktoba 1962. Ameiba viti vya enzi, amepanga mauaji, amemgeuza ndugu yake chura, na kila mara ametoroka, amefukuzwa au amesamehewa ili mwezi ujao aanze tena. Anamwona Thor akija na tayari ana maneno mdomoni, kwa sababu maneno yamemwokoa kwa miaka 25. Thor hapigi radi wala harushi nyundo. Anamshika mkono na kuuvunja. Kisha anamwacha hapo sakafuni akiushikilia, na anaondoka kwenda kumwona Balder.